Chupa Mbili Nyekundu za Chai

Nikikutana na watu wa jumuiya yetu hapa Mabatini mpaka leo huwa navuka barabara, na msinilaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyewanywesha dawa ya uzazi nikiwaambia ni chai ya tangawizi.

Mwaka wa saba wa ndoa, mimi na Masatu hatuna mtoto. Tulikuwa tumeanza matibabu hospitali, vidonge, sindano, vipimo, na pembeni nikawa naenda kwa Mchina mmoja pale Buzuruga, ananichoma visindano vyembamba tumboni na miguuni (haviumi, kinachouma ni kulala pale unawaza), kisha ananipa mizizi na magome ya kuchemsha ili mwili utulie na kupokea dawa ya hospitali. Daktari wangu alijua. Masatu hakujua, wala mama mkwe wangu, ambaye kwake yeye kitu chochote chenye mzizi ni uganga tu, na mwanawe alishamwapia kwamba hatutakanyaga tena kwa mganga.

Sasa dawa ile hunywewa ya moto, mara mbili kwa siku. Nikaona nijifanye mjanja, nikaiweka kwenye chupa ya chai. Nilikuwa nazo mbili, nyekundu zote, hii ya dawa nikaifunga uzi mweusi kwenye mpini.

Jumamosi moja jumuiya ilikuwa inasali kwetu. Mama mkwe amekuja kutoka Ukerewe, wifi yangu Neema amewahi asubuhi kunisaidia, na kwa usafi wake akazifuta chupa zote mbili na ule uzi akautupa (aliuona mchafu, masikini). Baada ya sala akaanza kumimina.

Mwenyekiti wa jumuiya akapiga funda moja, uso ukamkunjamana. "Dada Sabina, tangawizi ya leo kali." Wanawake wote pale ni Mama Fulani, mimi peke yangu ndiye dada. Nikajua papo hapo kilichotokea, na badala ya kusema, mdomo wangu ukajibu, "Nimeongeza na mchaichai kidogo." Basi wakaendelea kunywa kwa adabu, watu wa Mungu, mmoja anaongeza sukari, mwingine anakohoa, na mimi nimesimama na sahani ya mihogo najichekesha kama mwendawazimu.

Ndipo nikamwona Mama Joni, tumbo la miezi saba, ananyanyua kikombe. Mchina alinionya kabisa, mwenye mimba asiionje.

"Mama Joni, weka chini," nikasema. "Hiyo si chai, ni dawa. Mwenye mimba hatakiwi kuinywa."

Akaweka. Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Dawa ya nini, mwanangu?"

"Ya mtoto, mama. Natafuta mtoto."

Masatu akainamisha kichwa. Nilidhani aibu yangu imeishia hapo, kumbe bado. Neema, ambaye kikombe chake kilikuwa kitupu, alitoka mbio mpaka uani, tukamsikia anajitia kidole kooni, na mama mkwe akainuka nyuma yake akisema, "Yesu wangu, mjukuu wangu." Nikawatazama wale wanawake mmoja mmoja, kila mmoja akakwepa macho yangu. Wote walijua. Ni mimi tu niliyekuwa sijui.

Tukampakia kwenye bajaji, nikakaa naye nyuma, nimemshika mkono. Nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Wifi," akasema, analia, "nilikuwa nangoja wewe upate kwanza ndipo niseme."

Miezi minne alikuwa anajifunga kanga kwa kulegeza ili nisione. Nililia tu mpaka hospitali, nikamwomba Mungu anichukulie hata hiki ninachokitafuta, mradi Neema asipoteze chake.

Hakupoteza. Wiki ile ile mimi nikaziona siku zangu.

Dawa bado nakunywa, ila siku hizi inachemka kwenye chungu mchana kweupe, na anayeuliza namwambia, Masatu mwenyewe ndiye hunikumbusha saa. Katika chupa ya chai sitatia tena kitu kisicho chai mpaka naingia kaburini. Neema akija na mwanawe hunusa kikombe kwanza, ananiuliza, "Wifi, hii ni chai kweli?" Tunacheka sana. Kisha ananipakatisha mtoto, na mimi humshika mpaka chai inapoa.