Kifundo Kilichochubuka Kabla ya Mahari

Wiki moja kabla ya wakwe kuja na mahari, mimi, mwanamke mzima mwenye kazi ya ofisi, niliruka bladaa, ule mchezo wa kuruka kamba, na watoto wa ploti yetu pale mtaani Mowlem. Kamba ikaninasa, nikala mwereka kwenye simenti, ngozi ya kifundo cha mguu ikabaki huko. Watoto walicheka. Nami nilicheka kuliko wao.

"Ni kidonda cha juu juu tu," mama akasema akikiosha kwa maji na sabuni. Akanipaka jivii, ile dawa ya zambarau, akanionya nisibandue kigaga. Nikawa nakichungulia kila asubuhi kama mtu aliyeacha maandazi motoni. Kigaga kilikauka, kikaanza kuinuka pembeni, na chini yake ngozi changa ikawa inatambaa kuelekea katikati. Nilifurahi ajabu. Mwili wangu ulikuwa unajishona bila hata kuniuliza!

Siku yenyewe ikafika. Kwetu Wakikuyu, bibi harusi hufunikwa leso gubigubi pamoja na wanawake wengine, na bwana sharti amtambue. Akikosea, ni faini ya mbuzi na kuchekwa miaka nenda miaka rudi. Mpenzi wangu ni Mluhya, hajawahi kuona mambo hayo. Lakini miguu huonekana, naye alikuwa ameshakiona kidonda changu, kwa hiyo nilijua atatafuta kifundo cha zambarau.

Shangazi zangu nao si wajinga. "Huyu atatuchoma, atajulikana kwa huo mguu," mmoja akasema. Wakachukua chupa ya jivii, wakapaka kila kifundo, hata cha nyanya yangu, aliyepangwa kati yetu akijikaza asicheke.

Kupitia chini ya leso nikaona viatu vya mpenzi wangu vikisimama mbele yangu. Vikapita. Vikaenda kwa nyanya. Asinikose, Mungu wangu, si leo! Papo hapo kidonda kikaanza kuwasha, ule mwasho wa ngozi inayopona, usiojua sala wala adabu. Nikavumilia. Nikashindwa. Kisigino cha mguu wa pili kikapanda chenyewe, kikasugua.

Viatu vikarudi mbio, leso ikavutwa.

"Ni huyu! Hao wengine mmewapaka tu, huyu ndiye anawashwa!"

Shangazi wakapiga kelele kwamba huo ni wizi, wakidai mbuzi wao. Hakuwasikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya wazee wote, suti mpya vumbini, anakipuliza kifundo changu, nami nalia kwa kicheko.