Ukurasa Alioutunza Shangazi

Mwezi uliopita nilikwenda Dodoma kumzika binamu yangu, na kabla ya kurudi Kondoa nikakaa kwenye kiduka kimoja cha Chang'ombe kusubiri basi. Binti mwenye duka alikuwa anasoma kitabu cha mapenzi, vile vyembamba vyenye picha ya mwanamke anayelia kwenye jalada. Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Mimi watu wanaosoma huwa nawapeleleza. Nataka kujua wanacheka wapi na wanameza mate wapi. Basi yule binti, hajafika hata katikati, akafunua ukurasa wa mwisho, akausoma, akatabasamu, akarudi alipokuwa. Rafiki yangu, nilitaka kumnyang'anya. Nikamuuliza kama hana haya.

"Bibi, nataka tu kujua kama wanaoana," akasema. "Kama hawaoani, sijisumbui."

Nilikumbuka kwamba na mimi, nikiwa na miaka tisa au kumi, nilishikwa mkono ukiwa ndani ya kasha la watu, natafuta ukurasa wa mwisho.

Nakupeleka mbali, enzi za Mdachi, reli ilipokuwa bado ngeni na watu wakienda stesheni kuitazama treni tu na kurudi. Baba alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyeshuka Dodoma kuuza samli na asali kwa watu wa reli. Alijenga tembe letu karibu na miji ya Wagogo, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa, na juu ya paa hilo tulianika uwele, ubuyu na majani ya mlenda. Huko juu ndiko nilikojifunza kupenda hadithi. Ukilala kifudifudi hakuna mtu wa chini anayekuona, na mtu asiyeonekana hatumwi maji.

Mwenye hadithi alikuwa shangazi. Alirudi kwetu kutoka Bagamoyo baada ya kuachwa na mumewe, akiwa na kanga mbili, kasha dogo la mbao, na kitabu. Majirani hawakujali kuachwa kwake, maana wanaume kuacha ni kazi yao. Kilichowatia shaka ni mwanamke kuketi peke yake, anatazama karatasi, kisha anacheka. Hata mimi mwanzoni nilimshuku kuwa na wazimu mdogo.

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilikuwa rundo la kurasa zilizofungwa kwa uzi, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa masizi na gundi. Shoga yake wa Bagamoyo alikinakili kwa mkono wake na kumpa siku ya kuagana. Kila ukurasa ulianza na Bismillahi, kama walivyozoea waandishi wa zamani, hata kama kinachofuata chini yake ni busu. Hadithi ilikuwa ya mfuma nguo aliyempenda binti wa liwali. Liwali alimtuma mfumaji nchi ya mbali kwa hila ili asirudi, na binti akabaki dirishani na nguo moja tu aliyofumiwa. Baba alituonya kitabu kisionekane barazani, kwa sababu Mdachi miaka ile alishuku karatasi yoyote yenye herufi zile, na askari wake hawakujua kutofautisha fitina na mapenzi. Ndiyo maana tulisomea paani.

Tulisoma alasiri, nikishamaliza kutwanga na kuchota maji kwenye visima vya mchangani kule korongoni. Shangazi alikuja na karanga za kukaanga ndani ya pindo la kanga, akasoma ukurasa mmoja. Mmoja tu, hata ungelia. Nilikuwa nimeanza alifu na be kwenye chuo cha Qurani, na yeye, kwa kuwa vumbi lilimwumiza macho, akanifundisha kuunganisha herufi mpaka nikawa namsomea mimi. Siku niliyosoma sentensi nzima na yeye akashusha pumzi mahali pale pale anaposhusha akisoma mwenyewe, nilijiona nimekuwa mtu.

Usidhani raha haikuwa na kero zake. Upepo wa Dodoma unangoja ufike penye utamu ndipo ukupeperushie ukurasa. Bibi, mama yake shangazi na baba, alikuwa na kipaji hicho hicho: binti wa liwali akianza tu kuandika barua, tunamsikia chini, "Nani anafukuza kuku kwenye uwele?" Shangazi alilamba kidole kabla ya kufunua, na kwa wino ule wa masizi maneno ya pembeni yalikuwa yamegeuka madoa. Na yule shoga wa Bagamoyo, Mungu amsamehe, alipofika kwenye ugomvi mkubwa wa wapenzi aliacha nusu ukurasa wazi, akaandika pembeni, "Mafuta ya taa yamekwisha, mengine yafikirieni." Shangazi alikuwa akimtukana kila akifika hapo.

Lakini kero kubwa kuliko zote ilikuwa ukurasa wa mwisho. Shangazi alikuwa na kitabu kile miaka minne na hakuwahi kuusoma. Alisoma hadi ule wa kabla yake, akafunga uzi, akaanza upya.

"Nitausoma siku nitakapokuwa na furaha yangu mwenyewe," alinijibu. "Sitaki kuwaonea wivu watu wa kwenye karatasi."

Basi ikaja posa. Mfanyabiashara wa Tabora, mjane, mtu mpole mwenye ndevu nusu mvi, alimposa shangazi, na bibi akafurahi mpaka akasahau kuku. Ndoa ikafungwa nyumbani kwetu, na ikapangwa kwamba baada ya wiki mbili mume aje amchukue kwa treni. Shangazi akaniambia kwamba siku ya kuondoka, kabla ya kwenda stesheni, tutapanda paani na nitamsomea ukurasa wa mwisho mimi, kwa sauti yangu. Hakuna zawadi niliyowahi kuahidiwa nikaitamani kama ile.

Na ndiyo iliyoniponza. Ningewezaje kungoja? Niliogopa pia, nakiri, kwamba nitakutana na neno gumu nikwame mbele yake. Nikajiambia nitautazama mara moja tu, nijizoeze. Alasiri moja shangazi akiwa korongoni, nikafungua kasha, nikafungua uzi, nikageuza rundo. Ukurasa wa mwisho haukuwepo. Nikahesabu tena kutoka mwisho. Hata ule wa kabla yake na wa kabla yake hazikuwepo. Nilikuwa bado nimeshika rundo, uzi mdomoni, shangazi alipoingia na mtungi kichwani.

Alitazama kasha, akanitazama mimi, akautua mtungi polepole. Akahesabu mwenyewe. Akasema, "Umezipeleka wapi?" Nikaapa. Akasema, "Nyumba hii wanaojua kusoma ni wawili. Mimi sikujiibia." Na mimi, rafiki yangu, sikuwa mtu safi. Kweli nilikwenda kuiba, ila mwizi mwingine alinitangulia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akafunga kasha kwa kufuli. Hakunipiga. Ningependelea anipige. Tangu hapo hakunisemesha, na karanga alikula peke yake. Bibi alikuwa ameketi mlangoni anachambua mlenda, alisikia yote, na hakuinua kichwa.

Nikaanza kushuku dunia nzima. Nilimshuku mbuzi wa jirani, aliyewahi kula nusu ya mkeka. Nilimfuata siku nzima nikimchungulia mdomoni. Nilimshuku mwalimu wa chuoni, aliyesema hadithi za mapenzi ni uchafu na mwanamke msomaji ni fujo. Nikanyemelea mpaka penye msahafu wake, sikukuta kitu. Nilimshuku baba kwamba amezichoma kwa kumwogopa Mdachi. Ukianza kushuku hukosi ushahidi, kila mtu akikohoa unaona anaficha jambo. Bibi peke yake sikumshuku, kwa sababu hakujua hata herufi moja.

Siku ya tano jirani yetu Mgogo, mama wa mtoto mchanga, alikuja na kibuyu cha maziwa mgando. Mtoto wake alikuwa na homa kali wiki nzima na hakunyonya. "Mbukwenyi," akabisha hodi kwa salamu ya kwao, akapiga magoti mbele ya bibi. "Mama, mtoto amenyonya. Ile dawa yenu ya maandishi imemtoa homa. Nimeleta maziwa, sina kingine." Bibi akapokea kibuyu haraka na kusema asante haraka zaidi. Kisha akanitazama mimi.

Nikapanda paani. Kule ukingoni, nyuma ya uwele, mahali ambapo bibi tu ndiye aliyeanika mlenda wake, nilikuta karatasi tatu zimewekewa mawe zisipeperuke. Zilikuwa zimekunjamana na kukauka, na juu yake hapakubaki neno hata moja, ila ukungu wa kijivu wa masizi.

Kombe, unalijua? Mwalimu huandika maneno ya Mungu, huyaosha kwa maji, na mgonjwa hunywa yale maji. Bibi aliliona likifanywa Kondoa tangu utoto wake. Mwalimu wetu alikuwa safarini mtoto alipozidiwa, mama yule amekuja analia, na bibi akakumbuka kwamba kwenye kasha la binti yake kuna maandishi mengi. Akatoa matatu kwa siku tatu, akachukua ya chini kwa kuwa ndiyo yenye madoa machache ya vidole. Ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa safi kuliko yote.

Nilishuka mbio kwa hasira. "Bibi, ile siyo Qurani! Ni habari za mfuma nguo!"

"Juu pameandikwa nini?" akaniuliza.

"Bismillahi. Lakini chini…"

"Basi. Herufi ni zile zile, mjukuu wangu. Mtoto amepona au hakupona?"

"Amepona. Lakini mimi naitwa mwizi!"

Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. "Sikiliza. Ukimwambia shangazi yako, atapiga kelele, na yule mama atasikia. Kombe likishatukanwa linageuka. Homa ikirudi kwa yule mtoto, utakuwa umeirudisha wewe." Leo naweza kumcheka. Siku ile niliamini kila neno, na nilikuwa nimemwona yule mtoto, kifua chake kikienda juu na chini kama cha kifaranga. Nikanyamaza.

Nikuambie na ninachoshuku mpaka leo. Bibi hakupenda kitabu kile. Alisema kimemfanya binti yake akatae wachumba wawili kabla ya huyu, kwa sababu hawakufanana na mfumaji. Kwa nini asimwombe shangazi mwenyewe amchagulie kurasa? Labda kwa haraka, labda kwa aibu. Au labda aliona heri binti yake aondoke Dodoma bila mwanaume wa karatasi. Nilimuuliza mara moja nikiwa mtu mzima, akasema masikio yake siku hizi hayasikii vizuri.

Siku ya kuondoka ikafika. Hatukupanda paani. Tulikwenda stesheni sote, mume mbele na mizigo, na shangazi akaniambia nimshikie kasha, neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile. Treni ilikuwa imeshafika, inapumua moshi, watu wanasukumana. Akanivuta pembeni ya ukuta.

"Sina muda wa kugombana," akasema. "Umeiba, umeiba. Nimekusamehe. Lakini kama umeiba basi umesoma. Niambie mwisho wake."

Nilitazama nyuma. Bibi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwetu, ameshika mdomo. Jirani alikuwa kando yake, mtoto mgongoni, mzima, anachezea ushanga wa mama yake. Nikasema, "Nisamehe, shangazi. Nilisoma."

"Alirudi?"

"Alirudi." Sikujua linalofuata mpaka nilipojisikia nikilisema. "Alirudi mzee, macho hayaoni kwa sababu ya kufuma sana. Akapita chini ya dirisha akiomba maji. Binti wa liwali akashuka kumpa, naye hakumtambua kwa sura. Lakini alipopokea kata ya maji, mkono wake uligusa nguo aliyovaa binti. Akaipapasa. Akaijua kwa vidole kwamba ni kazi yake."

"Halafu?"

"Halafu akakaa. Mpaka mwisho."

Shangazi machozi yakamtoka huku anacheka, wala hakuyafuta. "Nilikuwa nikishuku hivyo," akasema. "Miaka yote nilikuwa nikishuku hivyo." Akanikumbatia kwa nguvu mpaka kona ya kasha ikanichoma kifuani, kisha mumewe akamwita, akapanda.

Sikumwona tena. Vita vya Wazungu vilikuja, ikafuata njaa iliyowamaliza watu wa nchi ile kama nzige, na habari za Tabora tulizipata mara moja tu, kwamba alikufa kwa homa na kuzikwa huko. Kasha halikurudi. Tembe letu lilibomoka, hakuna anayeanika mlenda pale, na vitabu vya kunakiliwa kwa mkono na shoga ambaye mafuta ya taa yamemwishia, sijaviona tena popote. Yule mtoto alikua akaoa wake watatu, na kwa aliyoyanywa mimi sikushangaa. Nilimwomba bibi karatasi zile tatu tupu, akakataa, akazifungia chumvi.

Nimesoma hadithi nyingi tangu hapo, na nimezeeka nikizisoma. Kinachoniuma si kuitwa mwizi, maana aliponiita hivyo alikuwa bado ananipenda. Kinachoniuma ni kwamba mimi sijui. Shangazi alikwenda kaburini na mwisho niliompa, nao ukamtosha. Mimi niliyeutunga ndiye peke yangu ninayejua kwamba yule mfumaji huenda hakurudi kabisa.