Dawa ya Mboga

Bi Mwanapili binti Duni alikuwa mhudumu wa afya Pujini kwa miaka kumi na minane, na katika miaka yote hiyo hakumpa mgonjwa dawa bila ya kumweleza itafanya nini mwilini. Alikuwa mkali. Wanawake walimtania kwamba hata mbuzi wake hunawa kabla ya kula. Lakini mtu akiugua, jina la kwanza kutajwa lilikuwa lake.

Mwaka wa themanini na nne maradhi ya kuharisha yaliingia kijijini, na pakiti za dawa ya kuchanganya na maji zikaisha. Bi Mwanapili akawafuata wanawake kwenye darsa yao, uani kwa Bi Bimkubwa baada ya sala ya magharibi, awafundishe kutengeneza ya nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Ila chumvi hakuitaja. Jua likishatua, wenyeji hawaiiti kwa jina wala hawaitoi nje ya nyumba. Huiita dawa ya mboga. Alijua kwamba mwiko huo hauna msingi katika dini wala katika tiba, lakini aliona haya kuwaudhi waliomkaribisha. Akasema dawa ya mboga.

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwemo Masika, aliyeolewa hapo kutoka Konde, wa ukoo uliotoka bara zama za babu zao. Kwao chumvi ni chumvi, usiku na mchana.

Siku ya tatu, magharibi ikiadhiniwa, Bi Mwanapili aliitwa kwa Masika. Mwanawe Jecha, wa mwaka na miezi mitatu, alikuwa amelegea, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi. Kando yake palikuwa na jagi la maji. Bi Mwanapili akayaonja, akakunja uso.

"Umetia nini humu, mwanangu?"

"Sukari, Bi. Vijiko kumi vya kujaa, apate nguvu. Ile dawa ya mboga nangoja muilete kituoni."

Bi Mwanapili angeweza kumkemea, na watu wangemuunga mkono, maana nani asiyejua dawa ya mboga? Lakini kosa alilijua ni la nani.

Alijua pia yanayotendeka ndani ya mtoto yule. Chuoni alifundishwa kwamba ukuta wa utumbo umepangwa seli, na kila seli imezungukwa na utando ambao sukari haiwezi kuupenya peke yake. Ina mlango wake, na mlango huo huivusha sukari ikiwa imeandamana na chumvi. Zikishaingia, chumvi husukumwa nje upande wa pili bila kukoma, ili nyingine ipate kuingia. Sukari hupita mlango mwingine hadi kwenye damu, na maji huzifuata. Hata utumbo unaoharisha haukosi mlango huo. Lakini sukari nyingi iliyokosa mwenzake hubaki nje na kuyavuta maji ya mwili yatoke. Masika alikuwa akimkausha mwanawe kwa mapenzi.

Akayamwaga yale maji. Chumvi ya Masika ilikuwa imekwisha tangu jana, basi akatoka mbio hadi kwa Bi Bimkubwa.

"Bi Bimkubwa, naomba chumvi."

"Jua limeshatua, Mwanapili. Wataja jina lake mlangoni pangu?"

"Nalitaja. Juzi sikulitaja, na mtoto wa Masika anakufa kwa ajili hiyo. Nipe chumvi."

Bi Bimkubwa aliingia jikoni, akarudi na kifuu kimejaa.

Walimnywesha Jecha kijiko kimoja kimoja, wanawake watatu wakipokezana. Akitapika, wanasubiri kidogo, wanaanza tena. Kabla ya alfajiri alikojoa kwenye kanga ya mamake, na Masika akalia.

Darsa iliyofuata Bi Mwanapili alisimama mbele ya wote na kusema kwamba alifundisha vibaya. Hakujitetea kwa mila wala kwa heshima, kwa kuwa anayeficha jina la kitu mbele ya mwanafunzi wake hajamfundisha. Kisha akaanza upya: maji lita moja, sukari vijiko sita vya kusawazisha. Akatua ili avute pumzi, na kabla hajaendelea, Bi Bimkubwa akamalizia kutoka nyuma, kwa sauti kavu:

"Na chumvi."

Usiku ulikuwa umeshaingia.