Zamu ya Mdogo Wangu

Jana pale Majengo, kwenye mitumba, nilinusa plastiki iliyopigwa jua, nikajikuta nimeshika kidude cha kurushia mpira, kile unachokanyaga mpira ukaruka juu uupige. Utotoni tulikuwa na kama hicho. Nyumbani hakuna aliyejua mpira wenyewe unapigwa kwa kitu gani, basi mimi, profesa niliyekuja kuishia darasa la tano, nikaiba mwiko wa ugali. Mdogo wangu anakanyaga, mimi napiga, yeye anaufuata mpira kwenye mahindi, anarudi na matope mpaka magotini.

"Kaka, zamu yangu lini?"

"Ukijua kuokota vizuri."

Akaokota mpaka kidude kikavunjika.

"Unamnunulia mtoto?" muuzaji pale mitumbani akaniuliza.

"Mdogo wangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Ana wajukuu."

Akacheka. Nikacheka naye, nikalipa, nikaenda kutafuta mwiko.