Mwendo wa Mikogo

Alikuwa dereva wa studio ya filamu, na jina la Mikogo alipewa na mabinti wa mapokezi kwa sababu ya mwendo wake. Bega la kushoto lilitangulia kidogo, visigino viligusa chini kama vya mtu anayeonja maji ya kuoga, na mkono mmoja ulibaki nyuma ukining'inia, kana kwamba umesahau kuondoka naye. Hakuwa na haraka na mtu. "Haraka haraka haina baraka," alijibu akiambiwa gari linasubiriwa, hadi bosi akamwonya kwamba hiyo baraka yake itamkosesha kazi.

Mkewe alikuwa fundi wa picha za kompyuta katika studio hiyohiyo. Akiulizwa kazi yake, alisema, "Natengeneza uongo unaofanana na kweli." Moto wa kuunguza jumba ambalo halikujengwa, mvua ya siku ya jua kali, jeshi zima ambalo asubuhi yake lilikuwa vijana wachache wamesimama uani. Mama mkwe, ambaye waliishi naye, hakuielewa kazi hiyo hata kidogo. "Mwanangu kaoa mchoraji," aliwaambia majirani, "ila karatasi zake sijawahi kuziona."

Siku moja mwigizaji aliyekodiwa kutembea mbele ya kamera hakutokea. Kazi yenyewe ilikuwa kuvaa vazi jeusi la kubana, lenye vidude vya mviringo kama gololi kwenye kila kiungo, kisha kutembea chumbani huku kamera za pande zote zikizifuata gololi hizo. Kompyuta haikuchukua sura wala ngozi. Ilichukua mwendo tu, na mwendo huo baadaye ungevishwa mwili wowote. Bosi akaangaza macho, akamwona dereva mlangoni anatafuna karanga.

"Wewe, vua viatu."

Mikogo alitoka chumba cha kubadilishia amebanwa kila mahali. Studio nzima ikaangua kicheko.

"Mke wangu," alisema, "kama ni talaka unaitaka, si ungeniambia tu?"

Mkewe alicheka hadi akashindwa kubonyeza kitufe. Mikogo alitembea, akapanda ngazi za mbao, akageuka, akaketi, akasimama. Yote yakaingia kwenye ghala la miendo la studio, chini ya jina "Dereva".

Ugonjwa ulianza na kandambili. Ilimtoka mguuni akielekea bafuni, naye akaendelea kutembea bila kujua. Mkewe akaiokota nyuma yake, akamtania kwamba ameshazeeka. Ikamtoka tena, na tena, na sasa hakuna aliyetania. Daktari alisema neva za miguu zinakufa polepole, kuanzia chini kwenda juu, na dawa ya kuzizuia hana. Gari la studio akapewa mtu mwingine.

Mtaalamu wa viungo alikuja nyumbani kumfundisha kutembea upya: inua goti, kanyaga kisigino, hamisha uzito. Mikogo alijaribu ameshika ukingo wa meza, jasho likimtiririka. "Huu si mwendo wangu," alilalamika. "Huu ni wa mtu anayeruka madimbwi."

Jioni moja, mama yake akiwa kwa jirani, alimwuliza mkewe, "Ule mwendo wangu bado mnao?"

"Upo."

"Niletee niuone. Nimeusahau."

Kesho yake mkewe akaja na kompyuta ya kazini. Kwenye skrini kikatokea kiunzi cha kijivu, hakina uso wala nguo, kikavuka sakafu tupu, bega la kushoto mbele. Mikogo alikodoa macho. "Rudisha. Punguza kasi. Kisigino kinatua vipi?" Akasimama, akaanza kukiiga, akijifunza kutoka kwake mwenyewe. Hatua ya kwanza ikaja. Ya pili, goti likamwachia. Mkewe akamdaka, wakaangukia kochi wote wawili. Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikawaishia.

"Zima," alisema. "Huyo ananiringia."

Kutoka mkongojo akahamia kiti cha magurudumu, na kutoka kwenye kiti akahamia kitandani. Mwisho hata pumzi ikamwelemea. Alifariki alasiri, mama yake akimsugua miguu ambayo haikuwa ikihisi kitu.

Mjane aliporudi kazini baada ya msiba, alikuta studio imepata tamthilia ya mazimwi. Mwenzake wa meza ya pili, mgeni pale, alikuwa amelitafutia zimwi kubwa mwendo ghalani, akachagua ule aliouona mzuri kuliko yote. Kazi ya mjane ilikuwa kulivisha ngozi. Akafungua faili. Zimwi likaja na pembe zake na makucha yake, bega la kushoto mbele, mkono mmoja umebaki nyuma.

Akakaa akilitazama.

"Vipi, miguu inateleza?" mwenzake akauliza.

"Hapana. Miguu iko sawa."

Akaanza kulivisha. Alilipandikizia manyoya kifuani, akalichora makovu mgongoni, kwa utaratibu wa mtu anayemvalisha mgonjwa. Hakumwambia yeyote, hata nyumbani.

Tamthilia ilipoanza kurushwa, mama mkwe alikuwa sebuleni anakunja nguo, televisheni inajisemea. Zimwi likatoka pangoni. Shuka ikamponyoka mikononi.

"Huyo nani?"

"Zimwi tu, mama. La kompyuta."

"Nakuuliza huyo nani! Nilimshika mikono mimi, anajifunza kusimama. Leo uniambie zimwi?"

Mjane akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote: vazi, gololi, kamera, ghala. Mama mkwe alisikiliza macho yakiwa juu ya bega la mkwewe.

"Nimekusikia," alisema. "Basi sogea, unaniziba."

Tangu hapo hakukosa kipindi hata kimoja. Majirani walishangaa mtu mzima kulishabikia zimwi linalotafuna watu. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," aliwajibu, nao wakadhani ni mzaha.

Tamthilia ikafika ukingoni. Bosi akaja mezani kwa mjane. "Kipindi cha mwisho zimwi linauawa. Ghalani hatuna 'Dereva' akianguka, kwa hiyo itabidi utengeneze kwa mkono."

"Bosi, dereva mwenyewe unamkumbuka?"

Bosi alivuta kiti, akaketi. Alikuwa amebeba jeneza la mtu huyo begani. "Mungu wangu," alisema. "Sikuwaza. Nitampa mwingine."

"Hapana. Nitamlaza mwenyewe."

Alijua jinsi mumewe alivyoanguka. Alikuwa amemdaka mara nyingi. Alilifanya zimwi litafute ukuta kwa mkono, lishuke kwanza likae, kisha lijinyooshe taratibu, kichwa kikiwa cha mwisho kufika chini. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Wenye tamthilia wakakikataa. Linakufa kama mgonjwa, walisema. Watazamaji wanataka kishindo. Kazi akapewa mwenzake, naye akalirusha zimwi juu, akalibamiza kwenye mwamba, vumbi likatimka.

Mama mkwe alitazama mpaka mwisho. "Huyo si yeye," alisema zimwi lilipoanguka. "Wamemtoa, wakaweka gunia." Majina ya mafundi yakaanza kupita, madogo, mbiombio. La mkwewe lilikuwemo, lakini miwani alikuwa ameshaivua. "Sasa tutamwona wapi tena?"

"Sijui, mama."

Mama mkwe siku hizi anakaa kwa binti yake mkubwa. Mjane bado yuko studio ileile. Aliomba asipewe tena viumbe, na bosi hakubisha, kwa hiyo hutengeneza moshi, maji, na siku nyingine vumbi. Anasema ni kazi nzuri, inachosha macho tu. Mama mkwe humpigia simu kila Jumapili kumwuliza kama amekula.

"Nimekula, mama," humjibu, hata siku ambazo bado.