Hakuna Kula Kabla ya Kujibu

Sisi tuliokulia Samuye miaka ya tisini tulikuwa washamba, hilo halina ubishi. Simu ya kwanza tuliiona posta ya Shinyanga mjini, imefungwa mnyororo kama mbwa mkali. Lakini jamani, tulikuwa tunajua vitu! Juzi kijana mmoja wa Nyasubi, kule Kahama mjini, ana simu kubwa kama kigae cha paa, ananiuliza eti karanga zinachumwa mwezi gani. Zinachumwa! Nikamwambia aende na ngazi ndefu. Akanishukuru.

Watu wanasema kosa ni la shule. Mimi niliyeishia la saba nasema shule haihusiki kabisa, maana kule tulichojifunza sana ni kuchota maji ya mwalimu. Akili tulizipata shikome, ule moto wa uani ambapo wanaume na watoto wa kiume tulikuwa tunakaa jioni kungoja ugali. Kwa wengine shikome ilikuwa ya hadithi. Kwa baba yangu ilikuwa chumba cha mtihani. Mzee alikuwa na redio ya mkulima, betri zake anazianika juu ya bati kama michembe ya viazi vitamu, na kila alichosikia humo lazima akuulize. Ugali wa mtama unafuka moshi, nsansa, yale majani makavu ya kunde, imeungwa karanga mpaka harufu inakukaba koo, halafu sauti inatoka: "Mji mkuu wa Zambia?" Hujui, mkono wako unabaki hewani, wenzako wanashusha matonge. Mdogo wangu Shija, ambaye mpaka leo akipotea sokoni anatafutwa, alijua miji mikuu ya Afrika nzima kwa sababu ya njaa tu.

Vijana wa leo mngekufa. Mngekutwa asubuhi mmekauka mkiwa mnatafuta mtandao.

Sasa siku moja akaja Masanja kumposa dada yangu Kabula. Masanja alikuwa anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huko upande wa Masumbwe, na alivyovaa, hata kipofu angejua. Suruali pana kama magunia mawili ya pamba, miwani nyeusi na jua limeshazama, nusura amwamkie punda shikamoo. Lakini Kabula alimpenda kweli. Alishawakataa wawili kwa ajili yake. Na kwetu mgeni wa posa akiondoka hajala, hapo hakuna maneno tena, amekataliwa, akatafute kwingine.

Tukakaa shikome. Mshenga wake, mzee mmoja mpole, akaulizwa mvua za kwanza zinatokea upande gani, akajibu, akaanza kula kwa kasi ya kutisha. Ikawa zamu ya Masanja.

"Mwanangu, unataka kuniletea ng'ombe hapa," baba akasema. "Haya, niambie. Ng'ombe ana meno mangapi ya mbele, ya juu?"

Masanja hakuwaza hata kidogo. "Manane, baba."

Tulicheka mpaka Shija akabingirika karibu na moto. Mtu anakuja kutoa mahari ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hajawahi kumwangalia mdomoni! Baba hakucheka.

"Mji mkuu wa Burundi?"

"Kigali."

Hata mshenga aliacha kutafuna. Kutoka jikoni mama akapaza sauti: "Baba Kabula, unaoza au unasahihisha mitihani?"

"Naoza, Mama Kabula. Ila simwozi mtu atakayeuziwa mbuzi akiambiwa ni ndama. Binti yangu atakula nini huko?"

Kabula akachungulia mlangoni na mwiko mkononi, macho yamejaa maji, na siyo ya moshi. Masanja akauangalia ugali. Akamwangalia Kabula. Akasimama. Mimi nikajua basi, posa imekwisha, na fungu lake nikaanza kulipigia hesabu.

Kumbe hakuwa anaondoka. Alivua ile miwani, akaenda moja kwa moja zizini, akalikamata pua jike letu lenye pembe moja. Lilikuwa jike lenye hasira kuliko mwalimu wa hesabu. Tukasikia vurugu, tukasikia mtu ameanguka kwenye samadi, akaamka, akarudi tena kwa ng'ombe. Aliporudi shikome alikuwa na mate ya ng'ombe mpaka kwenye kiwiko, na ile suruali, we acha tu.

"Baba, nimeshika kwa mkono wangu," akasema anahema. "Juu mbele hakuna hata jino moja. Ufizi mtupu. Nilikuwa sijui."

"Gashi, kumbe!" baba akasema. Halafu akachukua kata ya maji, akamnawisha yeye mwenyewe. "Nawa mpaka kiwiko. Burundi utanijibu kesho. Leo kula."

Jikoni kikapigwa kigelegele cha mtu mmoja. Mama akamwambia anyamaze, bado hajaolewa.

Wakaoana. Sasa hivi wako Kahama mjini, hapo Nyasubi, nyumba ya vigae, watoto wakubwa. Mwezi uliopita niliwatembelea. Mezani kulikuwa na wali, kuku, kachumbari, na kila mtu simu yake pembeni ya sahani, majibu ya dunia nzima yako pale pale karibu na chumvi. Watoto wameinama wanacheka peke yao. Shemeji yangu Masanja kainama, anaangalia magoli ya mechi ambayo alishaiangalia. Dada Kabula alinipakulia huku jicho moja liko kwenye kioo cha simu.

Nilikula nikashiba, nikaongeza. Hakuna aliyeniuliza swali lolote. Hata mzee wetu kule Samuye anaendeleaje.