Majina ya Boti ya Minova

Kanyere ana miaka thelathini na mitatu, anaishi mtaa wa Mapendo, na kazi yake ni kuandika programu za simu. Majirani wanaamini anatengeneza redio. Ameshachoka kuwasahihisha.

Kati ya programu zake, anaipenda moja tu. Inatumika kwenye bandari ya Kituku, katika boti za ziwani ziendazo mji wa Minova. Kabla ya kuondoka karani huandika jina la kila abiria, na orodha hutumwa nchi kavu papo hapo. Boti ikifika, mbele ya kila jina hubonyeza "amefika" au "hajaonekana". Kanyere aliiandika baada ya mama yake, Katungu, kupanda boti iliyozama. Hakukuwa na orodha. Kwa siku nne familia haikujua kama ilie au iendelee kupiga simu, na mwili haukupatikana. Hasimulii zaidi ya hapo, nami simlazimishi.

Jumatatu asubuhi karani, Papa Damascène, alimpigia. Simu yake ya kazi ilikuwa imeanguka ziwani, naye alikuwa amenunua nyingine.

"Kanyere, hii telefone mupya inakatala programu yako. Inasema ni ya zamani sana. Na kesho asubui tunatoka na batu soixante, sitini muzima. Nitabaandika wapi?"

"Mu kaye, Papa. Daftari itatosha."

"Kaye inapanda mu bwato. Bwato ikizama, kaye nayo inazama. Si ni weye ulitufundisha ivo?"

Ni kweli, ni yeye. Akafungua ordinateri, kompyuta yake.

Programu ya simu haiandikwi yote na mtu mmoja. Kanyere aliandika sehemu yake, na vipande vingine, kama kile cha kutuma orodha, viliandikwa na watu asiowajua, huko waliko. Kipande hicho kilikuwa kimezeeka. Akaandika namba ya kile kipya, akaamuru programu ijengwe upya. Ordinateri ikajibu: kipande hakipatikani. Akaangalia namba, ilikuwa sahihi. Akajaribu tena, akafuta, akaandika upya, akaitukana simu ya Damascène, akawatukana waliotengeneza simu. Saa sita ikapita bila kula.

Mwishowe alimpigia Niyitegeka, mwenzake wa kazi, akamsomea kosa lote.

"Ile amri ya kukataza internet," Niyitegeka akauliza, "uliitosha? Uliiondoa?"

Hapa lazima nieleze. Mega, yaani data ya mtandao, ni ghali, na waandishi wa programu wa Mapendo wanazibana kama chumvi. Mmoja akipata mtandao mzuri hupakua vipande vyote kwenye diski, na diski inazunguka nyumba kwa nyumba. Kila mtu huiamuru ordinateri yake itafute kwenye diski tu, isiguse mtandao. Diski ya Kanyere ilikuwa na miaka miwili. Asubuhi nzima alikuwa anatafuta kitu kipya kwenye sanduku alilolifunga mwenyewe.

Alijiita mjinga kwa sauti. Akafuta amri ile, akanunua mega, akasubiri. Kipande kipya kilipokuja kilivikataa viwili vya zamani, navyo akavibadilisha. Saa kumi na moja programu ikajengeka. Akaijaribu kwenye orodha ya boti ya kesho kwa jina analojaribia siku zote, Katungu, kisha akakimbia Kituku kumwekea Damascène programu kwenye simu kabla karani huyo hajaenda nyumbani. Kila mara hulifuta jina lile kwanza. Safari hii, kwa haraka, alilisahau.

Jumanne saa saba mchana Damascène alipiga kutoka Minova. Alikuwa anahema.

"Kanyere, batu bote wameshuka, ila mama mumoja. Katungu. Nilizania nimemuandika mimi. Nimeuliza kila mutu, hakuna mwenye alimuona. Turudi mu maji tumutafute?"

Kanyere akafungua orodha ya boti ile kwenye ordinateri, akaliona jina.

"Musirudi, Papa. Lile ni jina ya mama yangu. Nililiweka mimi, kwa kujaribu."

Nyuma ya Damascène watu walisikika wakigombania mizigo.

"Mwanangu," akasema taratibu, "sasa nibonyeze gani?"

Angeweza kumwambia alifute. Ni kazi ya kidole kimoja.

"Hajaonekana, Papa."

Damascène akabonyeza. Kwenye ordinateri ya Mapendo orodha ikafungwa: sitini wamefika, mmoja hajaonekana, na jina lake limeandikwa. Kanyere akalisoma mara mbili, akafunga mlango, akalia.